Vijiko Viwili vya Steariki

Mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ndiye aliyeanzisha habari hii yote. Alikuja jioni moja na kisahani cha plastiki, akakiweka mezani bila kusema kitu, akanitazama. Ndani yake kulikuwa na sabuni yangu, siku nne tu tangu aanze kuitumia, imelala kwenye maji yake kama kiazi kilichoiva kupita kiasi. Nikaigusa, kidole kikazama.

“Mwanangu,” akasema, “povu lake zuri, harufu yake nzuri. Lakini hii ni sabuni au mlenda?”

Sikuwa na jibu. Sabuni ile niliipika kwa alizeti gramu 700 na nazi gramu 300. Alizeti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo duka la jirani, nazi kwa sababu nilifundishwa kwamba huleta povu. Ikikatwa ilionekana nzuri, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nikaifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, nikauza vipande kumi na viwili, nikajiona mfanyabiashara. Hakuna aliyeniambia kwamba bafu za Dar es Salaam hazikauki, na kwamba sabuni laini kwenye kisahani kisicho na matundu hurudi kuwa uji.

Kesho yake nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Anayejua maduka ya kemikali kule anaijua ile hewa inayokwaruza koo kabla hujasalimia: mapipa ya sulfoniki, magunia ya kostiki (kostiki soda, ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), madumu ya gliserini, chupa za manukato zenye majina ya maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Nikaeleza shida yangu. Muuzaji hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mizani.

“Dada, hilo dogo. Tia steariki. Vijiko viwili kwa kilo, itakuwa jiwe.”

Akanipimia nusu kilo. Ni magamba meupe, membamba, yanayoteleza kwenye vidole kama mshumaa uliochunwa kwa kisu. Nikainusa, karibu haina harufu, labda kaharufu kambali ka mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Nikalipa, nikarudi nyumbani nimefurahi, nikaitia kwenye sabuni kama mtu anavyotia chumvi kwenye mchuzi.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu kila wiki naona mtu mwingine akilirudia.

Sikuamini vijiko, nikapima: gramu 50. Nikaziyeyusha, nikazimimina kwenye mafuta yangu yaleyale ya kilo moja yaliyokuwa ya moto kiasi, nikaongeza maji ya kostiki kwa kipimo kilekile cha siku zote. Mchanganyiko ukawa mzito haraka kuliko nilivyozoea, nikasema moyoni, naam, jiwe linakuja. Nikaumimina kwenye kalibu. Kesho yake nikakata. Wiki nne nikasubiri.

Ikatoka laini kuliko ya kwanza. Ilikuwa na mafuta juu, ya kushika kidole. Na baada ya kama miezi miwili vikaanza kutokea vidoa vya rangi ya machungwa, kwanza kimoja pembeni, halafu vitatu, halafu kipande kizima kikanuka kama karai lililokaangia mihogo ya juzi.

Nilitia kitu cha kuifanya sabuni iwe ngumu, nikapata sabuni laini inayooza. Nilikasirika kweli, na kwa siku kadhaa niliamini nimeuziwa kitu feki.

Kumbe steariki ilikuwa nzima, hesabu yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilikuja kuelewa siku moja nikiwa Feri, soko la samaki, nimesimama mbele ya mchuuzi aliyeshika mtungo wa samaki. Mafuta ya aina yoyote, yawe ya nazi, alizeti, mawese au ng'ombe, yameundwa kama mitungo midogo ya samaki watatu watatu. Samaki ni asidi za mafuta, na ukili unaowashika ni gliserini. Kostiki ikiingia, kazi yake ni kufungua fundo moja baada ya jingine, kumshika kila samaki aliyefunguka na kumgeuza sabuni. Ukili unabaki pembeni, na ndiyo gliserini ile inayofanya sabuni ya nyumbani iwe laini kwenye ngozi. Kufungua mafundo kunachukua muda. Ndiyo maana sabuni ya baridi, ile isiyopikwa motoni, inakorogwa, inasubiriwa, inafunikwa blanketi.

Steariki ya dukani ni samaki ambaye tayari ametolewa kwenye mtungo. Amelala sakafuni peke yake, hana fundo. Kostiki ikitia mguu tu ndani ya ndoo, inakutana naye kwanza. Hapangi foleni. Wanashikana papo hapo, wanakuwa sabuni na maji kidogo, basi. Wale walio kwenye mitungo wanasubiri kitakachobaki.

Sasa rudi kwenye ndoo yangu. Kila mafuta yana namba yake, yaani kiasi cha kostiki kinachohitajika kwa kila gramu moja. Nazi inahitaji kama gramu 0.183. Alizeti kama 0.135. Steariki safi 0.141. Kwa hiyo nazi yangu ya gramu 300 ilitaka gramu 55 za kostiki, na alizeti ya gramu 700 ilitaka 94 na kitu. Jumla 149. Kama wengi wetu, mimi hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na sabuni isikaushe ngozi, nikatia 142. Mpaka hapo sawa. Lakini zile gramu 50 za steariki nazo zilitaka gramu 7 zao, na mimi sikuwapa. Wakachukua za wenzao. Upungufu wangu wa asilimia 5 ukapanda hadi zaidi ya 9, na aliyebaki bila kugeuka hakuwa steariki, kwa sababu yeye alishakula kwanza. Aliyebaki kwa sehemu kubwa ni alizeti, mafuta ambayo kwa asili huharibika upesi yakikaa hewani. Ndiyo vile vidoa. Ndiyo ile harufu ya karai.

Kwa hiyo ukiniuliza steariki ni nini kwenye sabuni, nitakujibu kwa neno moja: mafuta. Si kiungo, si dawa ya ugumu ya kunyunyiza juu. Iandike kwenye mstari wa mafuta, ihesabie kostiki yake kama unavyoihesabia nazi, ndipo uitie. Yule muuzaji hakuwa mwongo, ila alinipa nusu ya maelezo, na nusu ya maelezo kwenye kazi ya kostiki ni jambo la hatari. Mimi nilitia kostiki pungufu nikapata sabuni ya mafuta. Mwingine akikosea upande wa pili anapata sabuni inayochubua watu.

Baada ya kuelewa hesabu nilijiona profesa. Nikaamua kama gramu 50 zilizohesabiwa vizuri zinaleta ugumu, gramu 200 zitaleta mawe ya ukuta. Kostiki nikaikoroga jana yake, ikalala usiku kucha ikapoa kabisa. Asubuhi nikayeyusha mafuta na steariki, yakawa maji safi ya rangi ya dhahabu. Ndoo ya plastiki ngumu, mwiko wa mbao, glavu mkononi, miwani usoni. Nikamimina.

Sijui nieleze vipi. Umewahi kusonga ugali ukakosea unga, ukatia mwingi kwa mkupuo? Ilikuwa hivyo, ila haikuchukua hata muda wa kusema “bismillahi”. Palepale mchuruziko wa kostiki ulipogusa mafuta pakawa peupe, pakawa na mabonge, mabonge yakashikana. Blenda ya mkono ikanguruma, ikanuka waya, nikaichomoa. Nikashika mwiko kwa mikono miwili. Mwiko ukagoma. Nikauacha, ukasimama wenyewe katikati ya ndoo kama mlingoti wa jahazi lililokwama. Mdogo wangu akapita mlangoni, akatazama, akauliza kama hiyo ni sabuni au saruji, akaondoka bila kusubiri jibu. (Nyumbani kwetu watu wanapenda sana kuuliza maswali ya “hii ni sabuni au”.)

Tulikuja kuichimba na kisu. Nje ilikuwa ngumu, ndani kulikuwa na vifuko vya mafuta mabichi na vifuko vya kostiki, kwa hiyo haifai mwili wa mtu. Nikaikatakata, nikaitia kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu, nikaweka hicho ndani ya sufuria kubwa la maji yanayochemka, maji kidogo juu, nikapika karibu saa tatu mpaka ikalainika yote ikawa kitu kimoja. Tulifulia mapazia kwa miezi. Mwiko ulikatika.

Nilichojifunza pale ni joto. Steariki safi huyeyuka karibu nyuzi 69 za Selsiasi. Ile ya dukani mara nyingi imechanganyika na ndugu yake, asidi ya palmitiki, wakati mwingine karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo huyeyuka mapema zaidi, nyuzi hamsini na kitu hivi. Ukiitia kwenye mafuta ya vuguvugu inarudi kuganda kwa vipunje vyeupe, na hapo unadanganyika kwamba sabuni imeanza kushika kumbe ni mshumaa unaganda. Ukimimina kostiki baridi juu ya steariki nyingi, yote mawili yanatokea kwa pamoja: inageuka sabuni mara moja, na sabuni hiyo ya steariki ni ngumu hata ikiwa na moto, sembuse imepoa. Kwa hiyo steariki ikizidi kidogo tu, sabuni ya baridi si njia yake. Njia yake ni kupika. Mafuta yawe ya moto, kostiki iwe ya moto, chombo kikae juu ya maji yanayochemka, na wewe usubiri ilainike tena baada ya kushtuka. Maana itashtuka tu.

Katika sabuni ya kuogea ya kawaida mimi sasa sivuki asilimia 5 ya mafuta yote, na mara nyingi siitii kabisa. Ikizidi, povu linapungua, sabuni inashika mwili badala ya kuteleza, na ukiikata inakatika kama biskuti.

Siku zile za hasira nilianza kusoma ilikotoka, nikakutana na mzee mmoja wa Kifaransa ambaye nimempenda bure. Michel Eugène Chevreul, alizaliwa Angers mwaka 1786. Kabla yake watu walikuwa wamepika sabuni kwa karne nyingi wakijua kwamba mafuta na majivu vinaleta sabuni, lakini hawakujua ndani kunatokea nini. Wengi walidhani mafuta yanaungana tu na magadi jinsi yalivyo. Chevreul alianza na sabuni yenyewe, akairudisha nyuma: akaitia asidi, ikaachia vitu vyeupe vyenye kumeta ambavyo havikuwa mafuta ya kwanza wala sabuni. Ndio samaki wetu waliotoka kwenye mtungo. Mwaka 1823 akachapisha kazi yake yote. Jina steariki alilitoa kwenye neno la Kigiriki la shahamu, yale mafuta magumu ya mnyama.

Mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac wakachukua hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutengeneza mishumaa kwa asidi hizo. Mishumaa ya shahamu ya zamani ilikuwa inanuka, inavuja, inatoa moshi. Ya steariki ilisimama wima na kuwaka safi. Biashara yao wenyewe haikufika mbali, wengine ndio waliokuja kutajirika. Chevreul akaendelea na kazi yake ya rangi kwenye karakana ya mazulia ya Gobelins, akaishi zaidi ya miaka 102, akafa Aprili 1889, siku chache baada ya mnara wa Eiffel kuzinduliwa huku jina lake likiwa limeandikwa juu yake. Nikikumbuka mwiko wangu uliokatika namfikiria mzee huyu na ndoo zake, maana hata yeye hakika alikwamisha kitu humo.

Steariki ya leo haitengenezwi kwa kupika sabuni kwanza. Viwanda huchukua mafuta, hasa mawese au shahamu ya ng'ombe, huyapasua kwa maji ya moto mkali na mgandamizo, kisha huzitenganisha asidi. Na hapa kuna swali ambalo wateja wangu wa Tanga na Zanzibar huniuliza kabla ya bei: imetoka kwenye mnyama gani? Ni swali la haki. Kwa macho huwezi kujua, ya mawese na ya mnyama zote ni magamba meupe. Dawa ni kumwomba muuzaji karatasi ya mzigo kutoka kiwandani, si maneno yake. Asipokuwa nayo mimi sinunui, na wateja nawaambia hivyohivyo. Mmoja alinicheka, akasema steariki imenifanya niwe afisa forodha.

Lakini turudi kwa yule mama na kisahani chake, kwa sababu swali lake halikuwa la kemia. Alitaka sabuni isiyoyeyuka. Nilipoacha kuizungukia steariki kama dawa, nikaanza kuangalia mafuta yenyewe, nikaona tatizo langu lilikuwa pale pale dukani kwa jirani. Alizeti ni mafuta ya maji: sehemu ndogo tu yake, kama moja ya kumi, ni zile asidi ngumu. Ukiijaza kilo saba kwa kumi, hata utie nini sabuni itakuwa laini. Mawese kwa upande mwingine yana palmitiki zaidi ya asilimia 40, na steariki asilimia kama 5 juu yake. Shahamu ya ng'ombe ina palmitiki karibu robo na steariki karibu moja ya tano. Yaani steariki niliyokuwa nanunua Kariakoo kwa gramu ilikuwa ikichemshwa na kumwagwa na wauza nyama.

Watu wa Kigoma watanicheka, wao wamekuwa wakipika sabuni za mawese miaka yote bila kumtaja Mfaransa yeyote. Mwenzangu mmoja kutoka kule aliponisikia nikieleza mambo ya asidi alinyamaza mpaka nikamaliza, akasema, “Sasa si ungetia mawese tu?”

Nikatia mawese. Nusu mawese, robo nazi, robo alizeti, kijiko cha chai cha chumvi kwenye maji kabla ya kutia kostiki, kisha wiki sita juu ya kichanja chenye kupitisha hewa, mbali na jiko. Ile rangi ya machungwa ya mawese ambayo hayajasafishwa inakuja nayo, mwanzoni iliniudhi, sasa wateja ndiyo wanaitambua kwa rangi hiyo. Kisahani nacho nimekibadilisha, nauza sabuni na kijiubao chenye mifereji. Nusu ya ugumu wa sabuni ni mahali inapolala.

Basi steariki nikaiweka juu ya kabati. Ilikaa huko mwaka mzima, mfuko umefungwa kwa mpira.

Mjomba wangu ndiye aliyeishusha. Yeye ni kinyozi, wa wale wa zamani: kiti cha mbao, kioo chenye ufa pembeni, wembe wa kukunja, na brashi ya kunyolea ambayo nywele zake zimebaki nusu. Wazee hawaendi kwa vijana wenye mashine za umeme, wanakuja kwake. Nilipita kumsalimia siku moja.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Wewe si ndiye unayepika sabuni? Nipikie ya ndevu. Hizi za kopo zinatoa povu la soda, unageuka tu halipo.”

Povu la soda. Nilirudi na neno hilo nyumbani. Sabuni ya nazi hutoa povu kubwa na upesi, hata kwenye maji ya bahari hutoa, ndiyo maana mabaharia waliitumia, lakini mapovu yake ni makubwa na hupasuka mapema. Povu la kunyolea halitakiwi kuwa kubwa. Linatakiwa liwe zito, la vipovu vidogo sana, likae shavuni wembe unapozunguka na mzee anapozungumza siasa. Povu la namna hiyo ndilo analolitoa steariki. Na ugumu wake, ule ulionivunjia mwiko, unatulizwa kwa kubadilisha mshirika: badala ya kostiki soda peke yake, unatia kwa sehemu kubwa kostiki potashi. Sabuni ya potashi ni laini na huyeyuka kwenye maji kirahisi zaidi. Soda kidogo inabaki ili isiwe uji.

Kwa hiyo hapa steariki haikuwa ya kusaidia, hapa ndiyo mwenye nyumba. Nilipika nusu kilo ya mafuta: steariki gramu 250, nazi 100, shahamu niliyoichuja mara mbili 100, mafuta ya mbarika 50. Kostiki soda gramu 28, potashi gramu 66 ya ile ya usafi wa asilimia 90, maji gramu 200. Hesabu hizi zinaacha mafuta kidogo tu bila kugeuka, kama asilimia 5. Anayetaka kuzitumia azipige upya mwenyewe kwa vifaa vyake, maana potashi za mtaani hazilingani usafi.

Na tafadhali, sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini: inachemka, inatoa gesi inayoweza kushika moto, na sufuria unaitupa. Steariki peke yake unaweza kuiyeyushia humo. Kostiki ikiingia, ni chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayohimili moto. Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya kostiki. Watoto wakacheze kwa bibi.

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Mafuta yalikuwa karibu nyuzi 80, maji ya kostiki nimetoka kuyakoroga bado yana moto wake wenyewe, chombo kiko ndani ya sufuria linalochemka. Nikamimina kidogo kidogo. Ikashtuka kama nilivyotarajia, ikawa mabonge meupe. Sikushindana nayo. Nikafunika, nikaenda kukuna nazi ya mchana. Niliporudi baada ya nusu saa mabonge yalikuwa yameanza kung'aa pembeni kama wali unaoiva. Nikageuza. Nikafunika tena. Baada ya saa moja na nusu ilikuwa imekuwa kitu kizito, kinachovutika, cha rangi ya pembe, kinashikamana na mwiko na kuachia ukuta wa chombo. Nikatia gliserini gramu 50, nikaipakua ingali ya moto kwenye vikopo vya bati, nikaikandamiza kwa nyuma ya kijiko.

Nilimpelekea mjomba baada ya wiki mbili, ingawa ningeweza kumpelekea mapema. Kulikuwa na mzee kwenye kiti. Mjomba akalowesha brashi, akaizungusha kwenye kopo kama mtu anayesonga uji wa mgonjwa, taratibu, hana imani. Mara ya kwanza ikatoa povu jembamba. Akaongeza matone ya maji, akazungusha tena. Likaanza kupanda. Likawa jeupe, zito, bila tundu, likasimama juu ya brashi lenyewe kama maziwa mgando juu ya kijiko. Akampaka mzee mashavu yote mawili na chini ya kidevu.

Kisha simu yake ikalia. Akatoka nje kuongea, na mjomba wangu akishika simu ni mazungumzo ya mirathi. Mimi nikabaki nimeketi, namtazama mzee, nalitazama povu. Dakika moja. Tatu. Tano. Feni ilikuwa inazunguka. Mzee akafumba macho akaanza kusinzia na povu lake limetulia kama lilivyopakwa.

Mjomba akarudi, akaweka simu mfukoni, akamgusa mzee shavuni kwa kidole, akaangalia kidole. Hakuniambia kitu. Alinyoa upande wa kulia, akapangusa wembe kwenye taulo, akanyoa wa kushoto, akamaliza shingo, akamfuta, akampaka shabu. Ndipo akachukua kopo, akalinusa kwa muda mrefu.

“Linakaa,” akasema. “Ila linanuka mshumaa. Kopo lijalo nitilie karafuu kidogo. Na usiniletee ua waridi, hapa si saluni ya maharusi.”

Nimeshamtilia karafuu. Mafuta yake nilitia matone machache tu, maana yakizidi yanawasha ngozi iliyotoka kunyolewa. Ile nusu kilo ya Kariakoo imekwisha, na safari ijayo nitamtafuta yule muuzaji wa vijiko viwili. Nina kipande cha sabuni ya mawese cha kumpa, na swali moja kuhusu karatasi ya mzigo wake.